Njia 26, na Foleni Iko Palepale

"Kwani wakiongeza njia mbili tu, si foleni itakwisha?" Swali hili linaniandama. Ndugu zetu waliohamia Houston, Texas, huliuliza wakiwa wamekwama barabarani; wanasiasa hulifanya ahadi ya kuombea kura. Nimechoka kulijibu kwa upole.

Njia mbili? Houston imeshaongeza kupita hizo. Upanuzi wa Katy Freeway, yaani ile I-10 itokayo katikati ya jiji kuelekea magharibi, ulikamilika mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 2.8. Palipo pana kuliko pote, ukijumlisha na barabara za pembeni zinazoingia madukani, utahesabu njia 26. Hata ardhi ya reli ya zamani iliyokwenda sambamba nayo ilimezwa humo humo. Magari yakapita vizuri kwa muda, wakubwa wakapongezana. Kisha, kati ya 2011 na 2014, muda wa safari kwenye barabara hiyohiyo ukapanda kwa takriban asilimia 30 asubuhi na asilimia 55 jioni.

Kosa ni kuiona barabara kama bomba la maji, kwamba ukilipanua kilichoziba kitapita. Maji hayatazami saa, dereva hutazama. Aliyekuwa akiondoka saa 11 alfajiri kukwepa msongamano, akisikia barabara ni nyeupe, analala mpaka saa 1. Aliyekuwa akijipenyeza mitaa ya ndani anarudi barabara kuu. Wa basi naye anawasha gari lake. Mchumi Anthony Downs alishaeleza tangu 1962 kwa nini barabara kuu za mjini hujaa saa za kwenda na kutoka kazini, kwa hiyo tusijifanye tumeshtukizwa.

Na hao ni wa mwanzo tu. Nyuma yao wanakuja wajenzi. Huko mji wa Katy, magharibi mwa Houston, kulikuwa na mashamba ya mpunga. Barabara ikipanuka, shamba lililokuwa mbali mno linageuka kiwanja cha karibu, nyumba zinasimama safu kwa safu, na kila nyumba ina magari mawili mlangoni. Utaambiwa Houston inakua, foleni ingekuja tu. Inakua, sikatai. Lakini watu hao wakakae wapi, barabara ndiyo iliyowaamulia. Ndani ya jiji lenyewe hakuna sheria ya kutenga maeneo ya makazi, biashara na viwanda. Wapiga kura waliikataa tena mwaka 1993. Katika hali hiyo mhandisi wa barabara ndiye mpangaji wa jiji, apende asipende.

Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha uchunguzi wao wa miji ya Marekani: kilomita zinazoendeshwa kwenye barabara kuu huongezeka karibu sawasawa na kilomita za njia zinazoongezwa. Barabara pana hubeba watu wengi zaidi, ndiyo. Kama hilo ndilo lengo, litajwe hivyo, na tusiuziwe kwa jina la dawa ya foleni.

Kinachosaidia? Tozo inayopanda saa za msongamano: New York ilianza Januari 2025, dola 9 kwa gari dogo kuingia kusini mwa Manhattan mchana, na Katy Freeway yenyewe ina njia za kulipia katikati, ambazo gari lenye watu wawili au zaidi hupita bure saa za msongamano. Mabasi ya mara kwa mara, kama Houston ilivyojaribu ilipopanga upya njia zake za basi Agosti 2015. Viwanja vidogo karibu na kazi, jambo ambalo jiji liliruhusu ndani ya barabara ya mzunguko ya 610 mwaka 1998. Na wewe unayetafuta nyumba huko nje, kabla ya kusaini mkataba iendeshe safari hiyo mwenyewe Jumanne saa 1 asubuhi, si Jumapili mchana ukiwa na dalali.