Gari Zuri Kuliko Yote ni Lipi?

Miongoni mwa mabishano ambayo hayajapata kwisha katika mabweni ya askari na katika vituo vya polisi, moja ni hili la magari. Ubishi wa mpira hutulizwa na matokeo ya mechi, na ubishi wa mshahara hutulizwa na karani. Lakini waulize askari kumi wakutajie gari zuri kuliko yote, nawe utapata majibu kumi, na huenda la kumi na moja likatoka kwa mpishi. Mmoja husifu umbo, wa pili husifu nguvu, wa tatu husifu heshima inayomfuata mwenye gari. Wala sisi hatuoni kwamba huo ni ubishi wa kupoteza wakati. Mtu anapokueleza ni gari gani analoliona zuri, anakueleza pia kazi yake, mashaka yake na matumaini yake.

Kwa sababu hiyo tumeonelea tulitazame jambo hili kutoka mahali ambapo gari si pambo. Gasorwe, huku kaskazini-mashariki ya Burundi, ni jirani wa Muyinga. Muyinga nako ni njia panda: barabara itokayo Ngozi na ile itokayo Gitega kwa kupitia Karuzi hukutana hapo, kisha safari huendelea hadi Kobero, mpakani mwa Tanzania. Sehemu kubwa ya bidhaa za nchi hii hutoka bandari ya Dar es Salaam, na malori yanayozileta kwa njia ya Kobero yametembea zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kuzifikia milima yetu.

MACHO YA GASORWE

Katika pande hizi kila jicho lina gari lake. Dereva wa lori la masafa hatazami rangi. Hutazama tairi, breki na springi, kwa maana mteremko mmoja wenye mvua hufuta sifa zote za chumba cha maonyesho. Mkulima wa kahawa, ambaye mbuni wake hauwezi kumngoja mchukuzi aliyechelewa, huliona zuri gari lile linalofika siku iliyoahidiwa. Mkimbizi kutoka Kongo aliyepewa hifadhi katika kambi ya Gasorwe hana sababu ya kushindanisha maumbo. Lori lililobeba chakula linatosha kuwa zuri.

Dereva wa teksi naye atakutajia Toyota Probox, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 2002 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Japani. Gari hilo lina umbo la sanduku, na hakuna aliyepata kudai kwamba lilichorwa ili lishangiliwe. Lakini linabeba watu, ndizi na magunia bila kunung'unika, vipuri vyake havisumbui kupatikana, na fundi wa kijijini analijua kama kiganja chake. Kijana wa mjini atamcheka dereva huyo, kwa kuwa yeye anataka rimu zinazong'aa na vioo vyeusi. Na ikiwa wote wawili wataendesha magari yenye usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia wa barabara, basi polisi wa usalama barabarani atawakumbusha kwamba dereva wa gari la namna hiyo, akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mpaka ameshajitokeza. Uzuri, machoni pa polisi huyo, huanza na kuona mbele.

GARI LA ASKARI LAINGIA KATIKA JUMBA LA SANAA

Wapenda magari wa dunia nzima hawajatofautiana na watu wa Gasorwe. Mwaka 1951 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilifanya maonyesho ya magari manane, yakatazamwa kama vile watu wanavyotazama sanamu. Palikuwapo Mercedes, Bentley, Cisitalia ya Kitaliani na magari mengine ya fahari. Na katikati ya mabwana hao walisimamisha Jeep, gari la jeshi, lisilo na milango wala mapambo.

Waliolichagua hawakukosea. Jeep ilizaliwa kwa haraka ya vita. Jeshi la Marekani lilihitaji gari dogo, jepesi, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kuanzia mwaka 1941 viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza zaidi ya 600,000. Hata ule uso wake unaojulikana kote duniani, yaani wavu wa mbele wenye matundu marefu ya kusimama, haukubuniwa kwa ajili ya urembo. Mwanzoni wavu ulikuwa wa vyuma vilivyochomelewa. Ford wakaona bati moja likipigwa matundu kwa mashine huwa jepesi zaidi na gharama yake hupungua. Leo watu hulipa fedha nyingi kupata uso huo, wasijue kwamba mama yake alikuwa ubahili.

Land Rover nayo ina habari inayofanana na hiyo. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep kuukuu ya vita katika shamba lake kisiwani Anglesey. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947 alichora umbo la gari lake mchangani, ufukweni mwa bahari. Gari lenyewe lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya vita. Na mabapa yake yalinyooka kwa kuwa bapa lililonyooka halihitaji mitambo ya gharama. Land Rover ya asili hiyo iliendelea kutengenezwa hadi tarehe 29 Januari 2016. Ilipofuatwa na Defender mpya yenye mikunjo laini, wapenzi wa zamani walilalamika kwamba uzuri umeondoka. Walichokipenda kilikuwa ni alama za shida ya mwaka 1947.

Na Land Cruiser, ambayo katika nchi zetu imekuwa gari la dola, la hospitali na la mashirika ya misaada? Hii inawahusu polisi hasa. Mwaka 1951 Toyota walitengeneza gari la majaribio walilokuwa wakiliita Toyota Jeep. Dereva wao, Ichiro Taira, alilipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limepata kufika. Baada ya hapo polisi wa Japani waliagiza magari 289. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954, kwa kuwa jina la Jeep lilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo yule anayelitamani gari hilo kwa fahari yake na akumbuke kwamba miongoni mwa wateja wake wa kwanza walikuwa askari polisi.

WAPENDA UMBO WANA HOJA YAO

Isije ikadhaniwa kwamba tunawadharau wale wanaopenda umbo. Wao husema kwamba jicho nalo lina haki yake, na kwamba kitu kilichofikiriwa vizuri huonekana vizuri. Ushahidi wao ni Citroën DS. Gari hilo lilionyeshwa Paris mwaka 1955, na siku ya kwanza peke yake liliagizwa na watu wapatao 12,000. Aliyelichora, Flaminio Bertoni, alikuwa pia mchonga sanamu. Liliteleza chini chini kama samaki.

Tarehe 22 Agosti 1962, huko Petit-Clamart karibu na Paris, watu wenye silaha waliimiminia risasi DS iliyombeba Rais de Gaulle na mkewe. Tairi zilitobolewa, lakini dereva aliendelea kukanyaga mafuta na gari likatoka katika mtego na abiria wake wazima. Springi zake za mafuta na gesi, ambazo ndizo zilizolipa ule mwendo wa madaha, zilisaidia kulishika barabarani. Hapo mpenda umbo humgeukia mpenda nguvu na kumwuliza: Je, wewe ulitaka nini zaidi?

Afrika ya Mashariki nayo ina ushahidi wake. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwafundisha watu wetu kulipima gari kwa matope. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu. Mshindi alikuwa Peugeot 404, gari ambalo umbo lake lilitoka kwa wachoraji wa Pininfarina wa Italia. Likashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Baada ya ushindi huo watu waliliona zuri zaidi ya walivyoliona dukani, ingawa hakuna msumari mmoja uliobadilishwa. Kumbe jicho hufundishwa na habari.

GARI NA CHEO

Lipo kundi la tatu, nalo halitazami umbo wala nguvu, bali hutazama nani ameketi kiti cha nyuma. Lugha yetu ya Kiswahili imekwisha kulihukumu kundi hilo kwa neno moja: Wabenzi. Neno hilo lilienea Afrika ya Mashariki baada ya uhuru, kana kwamba hao wenye Mercedes-Benz ni kabila jipya lisilo na ardhi wala mifugo. Gari lenyewe halikuwa na kosa. Lilikuwa zuri, na ni zuri hata leo. Lakini mwananchi aliyerushiwa vumbi nalo hakuweza kuuona uzuri huo, kwa sababu vumbi lilikuwa machoni.

Wanyonge nao wamejibu kwa namna yao. Matatu za Nairobi zimepakwa rangi na kuchorwa picha hata gari la abiria likawa gazeti linalotembea. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004 ziliyataka yavae mstari wa manjano, yafunge mikanda na vidhibiti mwendo. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwaruhusu vijana warejeshe michoro yao. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na haki: mchoro ni sanaa, bali breki ni uhai, na polisi mwema huvijua vyote viwili.

Aidha, maisha yenyewe hubadili ladha za watu. Katika miaka ya karibuni uhaba wa mafuta umeisumbua Burundi kwa muda mrefu, na foleni zimelala usiku kucha vituoni. Gari kubwa lililokuwa likiwatoa watu mate limesimama uani likiwa na kuku chini yake, na gari dogo linalokunywa kidogo limepata wachumba. Baiskeli, iliyokuwa imedharauliwa, imesimama tena mbele ya nyumba kama fahali. Hakuna kiwanda kilichobadilisha maumbo hayo. Tangi tupu ndilo lililobadilisha macho.

JICHO LINALOPASA KUULIZWA

Sasa tuwageukie askari na polisi wenyewe. Nyinyi hamnunui magari mnayoyaendesha. Hamkuchagua rangi yake, na ladha zenu hazikuulizwa. Lakini lipo jambo moja mnalolichagua kila siku, nalo ni namna gari hilo linavyoonekana machoni pa mtu aliyesimama kando ya barabara.

Nchi hii imeonja vita vilivyoanza mwaka 1993. Mtu aliyepitia miaka hiyo akiwa mlimani, akisikia ngurumo ya lori usiku, haulizi kwanza limetengenezwa wapi wala limepakwa rangi gani. Huuliza: linakuja kwa nani, na kwa jambo gani? Lori lilelile, lenye taa zilezile, laweza kuwa kitu cha kutisha kuliko vyote au kitu kizuri kuliko vyote. Likija kumchukua mama mwenye uchungu wa uzazi na kumfikisha hospitali ya Muyinga, hakuna gari la Geneva wala Paris linaloweza kushindana nalo. Likija kwa ulevi na kwa vitisho, hata lingeoshwa kwa maziwa litabaki baya, na ubaya huo utarithiwa na gari litakalofuata.

Tena tofauti hiyo haiji kwa mambo makubwa tu. Dereva anayepunguza mwendo apitapo penye watoto wa shule, asiyewarushia matope wanawake watokao sokoni, anayesimama kumsaidia mwendesha baiskeli aliyeanguka, huyo anachora umbo la gari la serikali kwa ustadi kuliko mchoraji yeyote. Na dereva anayepima oili asubuhi, akakaza nati za magurudumu na kuosha taa, analihifadhi umbo hilo lisiharibike. Gari lisilowaka siku ya dharura ni baya, hata kama linang'aa.

Ubishi wa mabwenini na uendelee, kwa kuwa ni ubishi mtamu, nasi hatutaki kuuzima. Mwenye kupenda Land Cruiser na aisifu, mwenye kupenda Peugeot ya zamani na aitafutie picha, na mwenye Probox asione haya. Ila mkitaka hukumu isiyo na upendeleo, msituulize sisi wala msiulizane nyinyi kwa nyinyi. Waulizeni watoto wa Gasorwe. Wakiliona gari lenu linakuja nao wakalikimbilia badala ya kulikimbia, basi jueni kwamba mnaendesha gari zuri.