Istilahi za Nyumba ya Kupangisha Iliyo Mbali na Mwenyewe

Mtu anayejenga au kununua nyumba ya kupangisha katika mji asiokaa hana budi kutegemea karatasi. Hawezi kwenda kila jioni kusikia malalamiko ya mpangaji wala kuona ufa ukutani. Mkataba, barua na stakabadhi ndizo zinazosema kwa niaba yake, na neno moja lililotumiwa ovyo laweza kumtia hasara. Jambo hili limewagusa watumishi wengi wa umma, hasa baada ya utekelezaji wa uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma kupata nguvu mpya mwaka 2016. Wengi walijikuta wana nyumba Dar es Salaam na kazi Dodoma. Katika makala hii tunakusudia kueleza istilahi ambazo mtu wa namna hiyo hukutana nazo, na kupendekeza zipi zitumike katika maandishi rasmi.

Jimbo, mkoa na mpaka wa sheria

Vitabu vingi vya biashara hii hutoka Marekani, ambako huzungumzwa habari za nyumba iliyo nje ya jimbo la mwekezaji. Mfasiri asidhani kwamba "nje ya jimbo" ni sawa na "mkoa mwingine". Huko kila jimbo lina sheria zake za upangaji na kodi zake. Texas, kwa mfano, haitozi watu kodi ya mapato ya jimbo, lakini California hutoza. Anayevuka mpaka huingia katika sheria nyingine.

Kwetu Tanzania Bara, anayekaa Mbeya na kupangisha nyumba Mwanza yu chini ya Sheria ile ile ya Ardhi. Mpaka wa sheria wa kweli uko baharini: mambo ya ardhi si ya Muungano, na Zanzibar ina sheria zake. Yafaa pia ikumbukwe kwamba kabla ya uhuru Tanganyika iligawanywa katika majimbo, na kwamba leo Mtanzania akisikia "jimbo" hufikiri kwanza jimbo la uchaguzi. Kwa hiyo tunapendekeza "jimbo" libaki kwa habari za Marekani, na kwa hali yetu isemwe "nyumba iliyo mbali na mwenyewe".

Kupanga na kupangisha

Kitenzi "kupanga" ni cha yule anayelipa ili akae. "Kupangisha" ni cha yule anayepokea malipo. Hata hivyo si nadra kusoma barua isemayo, "Nimepanga nyumba yangu kwa mwalimu." Kwa maana halisi, sentensi hiyo inamfanya mwenye mali kuwa mpangaji.

Istilahi "mwenye nyumba" nayo haitoshi katika mkataba. Mpangaji akiruhusiwa kupangisha chumba kimoja kwa mtu mwingine, huwa mpangishaji wa chumba hicho bila kuwa mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo pande mbili za mkataba ziitwe "mpangishaji" na "mpangaji", na umiliki utajwe peke yake pale unapohusika.

Wako wafasiri ambao bado hutumia neno "kabaila" kwa kila mtu anayepokea malipo ya nyumba. Neno hilo lina historia yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 sheria iliwezesha majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000 kutwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Lakini masharti hayo ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na kazi za Msajili zilikuwa zimekwisha kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kumwita kabaila mwalimu mwenye nyumba moja aliyoijenga kwa mkopo ni kutoa hukumu ambayo matini ya asili haikuitoa. Neno hilo liachiwe maandishi ya historia.

Hati zisizolingana

Anayenunua nyumba mbali huletewa karatasi na muuzaji, naye hudhani kila karatasi yenye muhuri ni hatimiliki. Sivyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mtu binafsi hupewa haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99. "Hatimiliki" ndiyo cheti cha haki hiyo. "Barua ya toleo", ambayo mitaani huitwa ofa, ni hatua inayotangulia cheti. "Leseni ya makazi" hutolewa kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa, nayo ni ya muda mfupi. Mtumishi anayejibu barua ya mnunuzi asiyaite yote haya "hati ya nyumba". Mnunuzi naye, kabla ya kutoa fedha, aombe "upekuzi" katika ofisi ya Msajili wa Hati ili ajue jina lililoandikishwa na kama mali hiyo imewekwa rehani.

Neno "rehani" lenyewe lataka uangalifu. Kwa desturi ya zamani aliyeweka kitu rehani alikitoa mikononi mwake. Katika rehani ya nyumba kwa benki, mkopaji huendelea kuishi humo au kuipangisha. Nyumba ikiwa na wapangaji na rangi mpya haithibitishi kwamba haina deni.

Kodi tano katika nyumba moja

Hakuna neno linaloleta mgogoro kama "kodi". Katika nyumba moja ya kupangisha tunaweza kukuta kodi ya nyumba, ambayo mpangaji humlipa mpangishaji. Kodi ya pango la ardhi, ambayo mmiliki huilipa Serikali kwa ajili ya kiwanja. Kodi ya majengo, itozwayo kwa sababu ya jengo. Kodi ya mapato, itozwayo juu ya pato. Na kodi ya zuio, ambayo mlipaji huikata kabla ya kumkabidhi mpangishaji fedha zake. Ya kwanza ni malipo baina ya watu wawili, na nyingine zote huishia Serikalini.

Mkataba usemao tu, "Kodi italipwa na mpangaji," haujasema kitu. Ugumu uliongezeka mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, kwa kiwango cha mwanzo cha Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini anayedaiwa kodi hiyo ni mmiliki. Mmiliki aliye mbali hata hajui ni kiasi gani kimekatwa. Tunapendekeza malipo ya mpangaji yaitwe "pango", neno "kodi" liachiwe Serikali, na mkataba utaje waziwazi kama kiasi kilichokatwa katika umeme kitapunguzwa katika pango linalofuata.

Dalali, wakala na msimamizi

Watu watatu hawa huchanganywa kila siku. "Dalali" huwakutanisha wenye haja. Kazi yake hukoma mkataba ukishatiwa saini, na mara nyingi hulipwa na mpangaji pango la mwezi mmoja. "Wakala" hutenda kwa jina la aliyemtuma, na atendalo ndani ya mipaka ya uwakala wake humfunga aliyemtuma. "Msimamizi wa nyumba" hukusanya pango, husimamia matengenezo na kutoa taarifa. Mmiliki akimwandikia dalali kwamba "awe wakala wangu katika mambo yote", amempa uwezo mkubwa kuliko alivyodhamiria. Ni bora barua itaje kazi moja moja: kupokea pango, kutoa stakabadhi, kutengeneza kwa gharama isiyozidi kiasi fulani. Kama anatakiwa pia kutia saini mikataba, hilo liandikwe katika hati ya uwakilishi.

Pato ghafi na pato halisi

Mwisho ni istilahi za hesabu. Tuchukue mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa Sh. 60,000,000 na kupangishwa kwa Sh. 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka "pato ghafi" ni Sh. 4,800,000, yaani asilimia 8 ya mtaji. Tuseme nyumba ilikaa mwezi mmoja bila mpangaji: zimebaki Sh. 4,400,000. Tukiondoa matengenezo ya Sh. 500,000, ujira wa msimamizi wa Sh. 440,000, na kodi mbalimbali za Serikali za Sh. 460,000, "pato halisi" ni Sh. 3,000,000, yaani asilimia 5. Wauzaji husema "faida ni asilimia nane", nao wanataja pato ghafi. Mfasiri akiandika "faida" kwa mapato yote mawili, atakuwa amemsaidia muuzaji kumpotosha msomaji wake. Aliye mbali hupotoshwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa gharama ya msimamizi na ya miezi mitupu ndiyo hasa inayotokana na umbali wake.

Kwa muhtasari, tunapendekeza maandishi rasmi yatumie "mpangishaji" na "mpangaji" kwa pande za mkataba. "Pango" kwa malipo baina yao. "Kodi" kwa Serikali pekee. "Msimamizi wa nyumba" mahali pa "dalali" pale kazi inapoendelea. Na "pato ghafi" na "pato halisi" mahali pa "faida" isiyofafanuliwa. Walimu wa masomo ya biashara wanaweza kuwapa wanafunzi mkataba mmoja wa mtaani wausahihishe kwa istilahi hizi. Wasomaji walio Zanzibar, Kenya na kwingineko, ambako pengine husikika "kukodisha nyumba" au maneno mengine, wanaombwa watuletee matumizi ya kwao ili yalinganishwe na haya.