Asilimia 15 ya Nini?

Nkambo wangu anakaa Kapanga, kaskazini mwa jimbo la Lualaba. Mimi nilizaliwa Kolwezi. Likizo iliyopita nilikwenda kumwona kwa njia ya Kasaji na Sandoa, na lori letu lilinasa kwenye matope siku mbili. Nilipofika akaniuliza: “Mjukuu wangu, tunasikia huko kwenu migodi inawatolea wananchi asilimia 15. Mbona haijapita kwenye barabara hii?”

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si wa sheria. Lakini swali lake ni la lugha pia: asilimia 15 ya nini, na ni ya nani? Katika makala haya ninaeleza nilichokipata baada ya kusoma.

Fedha hizo hutoka katika mrabaha, ambao Kolwezi tunauita kwa Kifaransa redevance. Ni malipo ya kampuni kwa kuchimba madini, ambayo ni mali ya nchi. Sheria ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inatoza asilimia 3.5 ya thamani ya shaba. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huohuo, ikapanda hadi asilimia 10.

Mrabaha hugawanywa mafungu manne: asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya eneo lililogatuliwa ambamo mgodi upo, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Eneo lililogatuliwa, kwa kifupi cha Kifaransa ETD, ni mji, komuni, sekta au utawala wa kichifu. Teritwari si ETD. Kwa hiyo mgodi ukiwa ndani ya sekta ya Luilu, fungu huenda kwa sekta, si kwa teritwari ya Mutshatsha.

Tufanye hesabu. Shaba ya dola 100 inatoa mrabaha wa dola 3.50. Jimbo linapata senti 87 na nusu. ETD inapata senti 52 na nusu. Anayesikia “asilimia 15” bila kuambiwa ya nini, hufikiri ni dola 15.

Sheria ya 2002 nayo ilikuwa na asilimia 15. Tofauti ni njia. Zamani mrabaha wote uliingia kwanza hazina ya serikali, na maeneo yakasubiri kurudishiwa chao. Mara nyingi hakikurudi. Tangu 2018 kampuni hulipa kila mhusika moja kwa moja. Hayo ni mafanikio, kwa sababu komuni ya Fungurume au ya Manika inaweza kupanga matengenezo ya barabara zake bila kungoja Kinshasa.

Lakini fungu hilo huishia kwenye mpaka wa eneo lenye mgodi, na barabara haiishii hapo. Lori linalotoka Kolwezi kwenda Kapanga hupita maeneo yasiyo na mgodi mkubwa hata mmoja, na lile lenye mgodi halilazimiki kutengeneza barabara ya jirani. Kapanga kwenyewe hakuna mgodi mkubwa wa shaba. Asilimia 15 aliyoisikia nkambo haikupotea njiani; haikuwa yake tangu mwanzo.

Yake iko kwingine. Kwanza, katika asilimia 25 ya jimbo, kwa maana Kapanga ni Lualaba sawa na Kolwezi. Pili, katika mfuko wa taifa wa kusawazisha maendeleo, ambao Katiba ya 2006, ibara ya 181, inautengea asilimia 10 ya mapato yote ya kitaifa ili kupunguza tofauti kati ya majimbo na kati ya ETD.

Sheria hizi zimeandikwa kwa Kifaransa, na mikutano ya kijiji si ya Kifaransa. Sisi tunaosoma lugha tukitafsiri namba peke yake, tunawapeleka wazee kudai kwenye mlango usio wao.

Nilimpigia nkambo simu nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Hiyo 25, nani anaipangia kazi?”

Nikamjibu: serikali ya jimbo huandaa bajeti, na bunge la jimbo huipigia kura.

“Basi mbunge wetu akija,” akasema, “nitamuuliza hiyo.”