Mwanafunzi wa Uhasibu Katika Timu ya Ukaguzi

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wengi wa Tanzania huyaita fildi, ni kipindi ambacho mwanafunzi hufanya kazi chini ya msimamizi ili atumie yale aliyosoma darasani. Kwa anayesomea uhasibu, fildi ya ukaguzi wa hesabu ina upekee wake. Mhasibu huandika hesabu; mkaguzi huuliza kama kilichoandikwa ni kweli, kisha hutafuta ushahidi. Mwanafunzi aliyezoea maswali ya mtihani, ambamo tarakimu zote huaminika, hapa hukuta kwamba kila tarakimu ni dai linalosubiri kuthibitishwa.

Fildi ya aina hii hufanyika zaidi katika sehemu tatu: kampuni binafsi za ukaguzi, vitengo vya ukaguzi wa ndani vya halmashauri, mashirika na benki, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ofisi hiyo inaongozwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambaye nafasi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba. Mkaguzi wa ndani ni mtumishi wa taasisi anayoikagua na hufuatilia taratibu zake mwaka mzima. Mkaguzi wa nje hutoka mahali pengine, na kazi yake kuu ni kutoa maoni juu ya hesabu za mwaka.

Kazi anayoikuta mwanafunzi hutegemea pia majira. Fildi nyingi huangukia likizo ndefu ya vyuo, kati ya Julai na Oktoba. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni, na taasisi za umma huwa na miezi 3 ya kukamilisha hesabu na kuziwasilisha kwa CAG. Naye hukabidhi ripoti zake kwa Rais kufikia mwisho wa Machi. Aliyepangiwa halmashauri kwa hiyo hufika wakati wa kufunga hesabu, mali zikihesabiwa na majalada yakipangwa. Kampuni zinazofunga mwaka Desemba hukaguliwa zaidi katika miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, wakati mwanafunzi yuko darasani.

Kabla ya kushika jalada lolote, mwanafunzi huelezwa masharti mawili ya maadili. La kwanza ni siri: mishahara, mikataba na akaunti anazoziona hazitoki nje ya timu. La pili ni uhuru. Mwenye ndugu katika idara ya fedha ya taasisi inayokaguliwa anapaswa kumwambia msimamizi mapema ili apangiwe kazi nyingine, na zawadi kutoka kwa mkaguliwa hazipokelewi. Masharti haya yanamhusu mwanafunzi sawasawa na wengine, kwa sababu ushahidi alioukusanya yeye utategemewa na timu nzima.

Kazi ya kwanza kwa kawaida ni kupitia vocha za malipo. Vocha iliyokamilika huambatana na ombi la ununuzi lililoidhinishwa, agizo kwa mzabuni, ankara, hati ya kupokelea mali na risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ambayo matumizi yake yalianza nchini mwaka 2010. Mwanafunzi hulinganisha jina, kiasi, tarehe na saini kutoka karatasi moja hadi nyingine, kisha hufuatilia muamala hadi kwenye leja.

Chukua mfano wa vocha ya shilingi 2,160,000 ya mifuko 120 ya saruji, kila mmoja shilingi 18,000. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi na saini zote zipo. Lakini malipo yalifanyika tarehe 12 Machi, ilhali ankara ni ya tarehe 14 na mali ilipokelewa tarehe 18. Leja ya stoo nayo inaonyesha mifuko 100 tu. Katika bunda moja la karatasi kuna maswali mawili: kwa nini mzabuni alilipwa kabla ya kuleta mali, na mifuko 20 iko wapi? Anayejumlisha tarakimu peke yake hawezi kuyaona. Huyaona anayesoma karatasi kama kumbukumbu za tukio, akiuliza lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Somo kubwa zaidi la fildi ni mwelekeo wa upimaji. Mkaguzi anayetoka kwenye daftari kwenda kwenye kitu hutafuta kilichoandikwa bila kuwepo. Husoma orodha ya kompyuta katika rejista ya mali, kisha huzunguka ofisini kutazama namba iliyobandikwa kwenye kila moja. Anayetoka kwenye kitu kwenda kwenye daftari hutafuta kilichopo bila kuandikwa, kama pikipiki ya mradi iliyoegeshwa uani na haimo katika rejista. Njia moja haichukui nafasi ya nyingine. Kwa madeni, njia ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa taasisi inayotaka kuonekana na hali nzuri huacha kuyaandika. Ndiyo maana wakaguzi hupitia malipo ya Julai na Agosti: ankara ya huduma iliyotolewa Mei lakini ikalipwa Julai inapaswa kuonekana kama deni mwishoni mwa Juni.

Upande wa fedha, mwanafunzi hupewa usuluhishi wa kibenki, yaani ulinganisho wa salio la daftari la fedha na salio la taarifa ya benki. Tofauti nyingi huwa na maelezo: hundi ambayo haijafikishwa benki, fedha zilizopelekwa siku ya mwisho, au makato ambayo mhasibu bado hajayaandika. Tofauti inayobebwa mwezi baada ya mwezi bila maelezo ndiyo inayohitaji kuchimbwa. Aidha, wakaguzi huiomba benki ithibitishe salio kwa kuwajibu wao moja kwa moja, kwa maana ushahidi uliotoka nje bila kupita mikononi mwa mkaguliwa huaminika zaidi.

Kila upimaji huandikwa katika karatasi za kazi: chanzo cha taarifa, namna sampuli ilivyochaguliwa, kilichofanyika, kilichobainika, jina la mpimaji na tarehe. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 230 kinataka karatasi hizo zieleweke kwa mkaguzi mzoefu ambaye hakuhusika na kazi hiyo. Msimamizi huzipitia na kuzirudisha na maswali. Kurudishiwa kazi ni sehemu ya utaratibu, na hata wakaguzi waandamizi hupitiwa kazi zao.

Kasoro iliyothibitishwa huandikwa kuwa hoja ya ukaguzi. Hoja iliyokamilika hutaja kanuni iliyopaswa kufuatwa, hali iliyokutwa, sababu, athari na pendekezo. Katika mfano wa saruji, mwanafunzi hana ushahidi wa kuandika kwamba mifuko imeibwa. Anachoweza kuandika ni kwamba mifuko 20 yenye thamani ya shilingi 360,000 imelipiwa lakini haimo katika leja ya stoo. Menejimenti hupewa nafasi ya kujibu, na pengine mtunza stoo ataonyesha hati ya mifuko iliyopelekwa moja kwa moja eneo la ujenzi. Kutenganisha kilichoonekana na kinachodhaniwa hulinda haki ya mtu anayekaguliwa na heshima ya mkaguzi. Kwa sababu hiyo pia, maswali huulizwa kwa adabu, na majibu ya mdomo huombewa karatasi.

Mwanafunzi hatoi maoni ya ukaguzi wala hasaini ripoti. Maoni hutolewa na mkaguzi mwenye dhamana, kwa kutumia sampuli na kupima kama makosa yaliyopatikana ni makubwa kiasi cha kumpotosha msomaji wa hesabu. Hati inaweza kuwa inayoridhisha, yenye shaka au isiyoridhisha, au mkaguzi akashindwa kabisa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Hata hati inayoridhisha haimaanishi kwamba hakuna senti iliyopotea. Inamaanisha kwamba hesabu hazina upotoshaji mkubwa.

Fildi hufungwa kwa tathmini ya msimamizi, daftari la kumbukumbu za kila siku na ripoti ya chuo. Ripoti nzuri hueleza taratibu alizozipima mwanafunzi na alichojifunza, bila kufichua siri za taasisi. Baada ya shahada, anayetaka kuwa mkaguzi hufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na kukusanya uzoefu wa kazi kabla ya kusajiliwa kuwa mhasibu mwenye CPA. Katika hatua hizo zote atahitaji uwezo alioanza kuujenga kwenye vocha za fildi: kujua ni ushahidi upi unatosha kuthibitisha dai, na kutoandika zaidi ya kile ushahidi huo unachoonyesha.