Kabati Moja, Funguo Nyingi: Kompyuta ya Mezani Inavyozifikia Faili za Mbali

Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali au ya shirika la umma anaijua masjala. Ni chumba chenye makabati, na ndani ya makabati mna majalada. Afisa akihitaji jalada hajichukulii mwenyewe. Humtuma mhudumu, karani wa masjala huangalia kama afisa huyo anaruhusiwa kuliona, huandika katika daftari kwamba jalada limekwenda kwa fulani, ndipo hulitoa. Jalada lililopigwa muhuri wa siri halipewi kila mtu.

Juma hili nataka tuzungumzie masjala ya namna nyingine, ambayo leo inatumika katika benki, hospitali, vyuo na hata maduka makubwa ya mijini mwetu. Kabati lake ni kompyuta inayoitwa seva. Seva hiyo yaweza kuwa chumba cha pili, mji mwingine, au ng'ambo ya bahari. Majalada yake ni faili, nazo hupangwa katika folda. Mfanyakazi aliyeketi mbele ya kompyuta yake ya mezani hufungua folda hizo kana kwamba zimo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, kumbe hazimo.

Je, hufanyikaje? Kwanza seva na kompyuta ya mezani hapana budi zizungumze lugha moja. Lugha inayotumika zaidi maofisini huitwa SMB. Ilibuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha Microsoft ikaichukua na kuiendeleza. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems nayo ilitoa lugha yake, NFS, iliyopendwa na watu wa mitambo ya Unix. Baadaye Andrew Tridgell wa Australia alitengeneza programu ya kuwezesha mitambo hiyo ya Unix kuzungumza SMB. Alipolazimika kuibadili jina, alitafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, akapata Samba. Kwa hiyo jina hilo halina undugu na simba wala na shamba.

Pili, inatakiwa anwani. Katika kompyuta ya Windows unafungua dirisha la faili na kuandika mikwaju miwili iliyolalia nyuma, jina la seva, mkwaju mmoja tena, kisha jina la folda. Katika Macintosh na Linux anwani huanza na herufi smb, nukta mbili na mikwaju miwili iliyolalia mbele. Seva hukuuliza jina lako na neno lako la siri. Ikiridhika, folda inafunguka. Anayeitumia kila siku huipa herufi, tuseme Z, ikakaa pamoja na C ambayo kwa kawaida ni diski ya kompyuta yenyewe.

Tatu, na hapa ndipo lilipo jambo kubwa, seva huangalia ruhusa. Mmoja aweza kuruhusiwa kusoma tu. Mwingine aweza kusoma na kuandika. Wa tatu haruhusiwi hata kuona kilichomo. Katika Windows ruhusa hizo huwekwa mahali pawili: kwenye folda iliyoshirikishwa, yaani lango la nje, na kwenye faili zenyewe, yaani mlango wa ndani. Kwa anayeingia kutoka mbali, ruhusa iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana mtu huweza kupita langoni na bado akakataliwa mlangoni, akadhani kompyuta ni mbovu.

Seva pia ina daftari lake. Programu nyingi za kuandikia, ukifungua faili ili uibadilishe, huifunga, na mwenzako akiifungua ataambiwa kwamba inatumika, aweza kuisoma tu. Jambo hilo huwaudhi wengi. Lakini bila hilo watu wawili wangeandika juu ya hesabu ile ile, na kazi ya yule aliyehifadhi kwanza ingepotea.

Msikilizaji mmoja aweza kuuliza: mbona intaneti yangu ni ya kasi, lakini folda ya makao makuu inafunguka kwa kujivuta? Sababu ni kwamba kompyuta na seva huulizana na kujibizana mara nyingi. Faili hii ipo? Ipo. Naruhusiwa? Naam. Nipe kipande cha kwanza. Chukua. Ndani ya jengo moja majibizano hayo hayaonekani. Kutoka mbali, hata kila swali na jibu likichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, maswali 600 yanayofuatana yanamaliza dakika nzima. Hapo tatizo si upana wa barabara, bali ni urefu wa safari. Anayefanya kazi na mafaili makubwa kutoka mbali ni heri ayanakili kwanza kwenye kompyuta yake, ilmradi wenzake wajue nani ameshika nakala ya kufanyia kazi.

Na safari hiyo hupita baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ofisi ambayo kabati lake liko ng'ambo hujikuta siku kama hiyo imefungiwa nje ya masjala yake yenyewe.

Sasa tuje kwenye hatari. Kila huduma ya seva ina mlango wenye namba, na mlango wa SMB ni namba 445. Mlango huo ulikusudiwa kuwa wa ndani ya nyumba. Kuuacha wazi kwenye intaneti ni kulihamishia kabati barabarani. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa katika toleo la kwanza la lugha hii. Wengi hawakuyaweka. Tarehe 12 Mei 2017 programu haramu iitwayo WannaCry ilipenya katika ufa huo, ikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikafunga faili za watu katika nchi zipatazo 150 na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Uingereza hospitali nyingi za umma ziliathirika, na maelfu ya wagonjwa waliahirishiwa miadi yao. Marekebisho yalikuwa yametoka karibu miezi miwili kabla, bila malipo.

Hivyo, anayetaka kuifikia folda ya ofisi akiwa nyumbani asifunguliwe mlango 445. Apewe njia ya faragha iitwayo VPN, ambayo kwanza humtambua, kisha husafirisha kila kitu kikiwa kimefumbwa.

Lakini hata kufuli zuri halisaidii iwapo ofisi nzima inatumia jina moja na neno moja la siri, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Faili ya mishahara ikifutwa, daftari la seva litasema imefutwa na "ofisi". Ofisi ni nani? Asiye na hatia atashukiwa sawasawa na mwenye hatia. Neno la siri la mtu binafsi ni kinga ya mwajiri, na vilevile ni kinga ya mfanyakazi mwenyewe.

Tena tukumbuke kwamba programu haramu ikiingia katika kompyuta yako hutumia ruhusa zako. Popote unapoweza kuandika, nayo yaweza kuandika, hata katika ile herufi Z ya mbali. Mkubwa wa ofisi anayedai ruhusa zote kwa sababu ya cheo chake, bila kazi ya kuzihitaji, anaipanulia hatari njia. Na nakala ya akiba iliyo ndani ya kabati lile lile si akiba. Iwekwe pengine, pasipounganishwa na kompyuta za kila siku, na mara kwa mara ijaribiwe kama inafunguka.

Masjala ya zamani ilimtegemea karani mwaminifu na daftari lililoandikwa vizuri. Ya leo inataka vitu vivyo hivyo. Kesho ukifika kazini, uliza maswali matatu: nani ana ruhusa ya kuandika katika folda yetu, marekebisho ya seva yaliwekwa lini, na nakala ya akiba iko wapi? Ikiwa hakuna awezaye kukujibu, basi kabati lenu li wazi.