Vivutio vya Kitamaduni na Kimaumbile katika Mpaka wa Busia na Malaba

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Kauli hii inasadifu hali ya Busia na Malaba, miji ya Kenya iliyo kwenye mpaka wa Uganda. Kwa wasafiri wengi, miji hii ni mahali pa kugongewa muhuri kwenye pasipoti, kubadilisha fedha na kungoja foleni ya malori isogee. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba eneo hili lina urithi ambao unastahili kujulikana, na ambao usipotunzwa utapotea.

Kijiografia, nchi hii inateremka kutoka upande wa Mlima Elgon hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mto Malaba hutiririka kutoka Elgon, na sehemu za mito Malaba na Sio ndizo mpaka wenyewe. Wakazi wake ni Iteso, ambao ni Waniloti, pamoja na Waluhya wa makundi ya Abakhayo, Abamarachi, Abasamia na Abanyala, ambao ni Wabantu. Hadi mwaka 1902, eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliusogeza mpaka kuelekea magharibi, na Iteso na Abasamia wakajikuta wamegawanywa kati ya nchi mbili. Ndiyo maana hadi leo mtu huvuka mpaka kwenda matangani au kulipa mahari bila kuhisi kwamba ameenda ugenini.

Kivutio mashuhuri zaidi ni Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini. Hapo pana mwamba mkubwa uliochomoza mithili ya paa, na ukutani mwake mna michoro ya kale ya nyakati mbalimbali, mingine imechorwa juu ya mingine. Kuna maumbo ya miduara, yanayonasibishwa na wawindaji wa kale, na kuna ng'ombe na wanyamapori waliochorwa baadaye na wafugaji. Kwa hivyo mwamba huu ni kama daftari lililoandikwa na vizazi vya watu wasiofahamiana. Mwaka 2004 Kakapel ilitangazwa rasmi kuwa mnara wa kitaifa.

Aidha, ardhi iliyo chini ya mwamba huo ina hazina yake. Matokeo ya uchimbaji wa kiakiolojia yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba watu walianza kupatumia mahali hapo yapata miaka 9,000 iliyopita. Miongoni mwa mabaki yaliyofukuliwa ni mbegu za kunde za miaka ipatayo 2,300, na wimbi la takriban miaka 1,000. Ugunduzi huu una uzito kwa sababu mimea huoza upesi, na ushahidi wa kilimo cha kale katika Afrika Mashariki ni haba. La kufurahisha zaidi ni kwamba vyakula hivyo havijageuka kuwa vya makumbusho. Kunde ingali mboga ya kila siku Busia, na wimbi ndilo linalotengenezewa pombe ambayo wazee wa Iteso huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, wakiamua mashauri ya ukoo.

Kusini, katika upande wa Bunyala, Mto Nzoia unamwaga maji yake ziwani. Karibu na hapo kuna kinamasi cha Yala, ambacho Busia inashiriki na Siaya. Kinamasi hiki chenye hekta zipatazo 17,500 kimejaa mafunjo. Humo huishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya matope. Humo pia hupatikana ndege mweusi mwenye kifua chekundu, ambaye hategemei makazi mengine ila mafunjo. Mafunjo hayo husukiwa mikeka, huezekea nyumba na huchuja maji kabla hayajafika ziwani. Hata hivyo, tangu miaka ya 1960 sehemu ya kinamasi imekuwa ikigeuzwa mashamba.

Mchango wa eneo hili katika lugha ya Kiswahili nao haufai kusahauliwa. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na masafa ambayo abiria walilazimika kuyavuka kwa miguu. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuwabeba, huku wakinadi safari kwa kulirudiarudia neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa neno bodaboda, ambalo sasa limehamia kwenye pikipiki na kuenea Afrika Mashariki nzima. Neno limesafiri mbali, lakini wengi wanaolitamka hawajui lilikozaliwa.

Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja tu na apite upesi. Hilo ni jambo jema kwa biashara, lakini kadiri watu wanavyopita kwa kasi ndivyo wanavyozidi kutoyaona yaliyo kando ya njia. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inailinda Kakapel, lakini sheria haiwezi kukesha mwambani. Mtu mmoja mwenye kipande cha mkaa na hamu ya kuandika jina lake anaweza kuharibu kwa dakika moja kilichodumu maelfu ya miaka.

Basi ulinzi wa kweli utatoka kwa wenyeji. Watoto wa shule za Teso na Busia wapelekwe Kakapel kabla ya kupelekwa mbali, na vijana wa hapo wafunzwe kuwaongoza wageni ili urithi huo uwape riziki. Wanafunzi wa Kiswahili nao wana wajibu wa kuyakusanya masimulizi ya wazee wa pande zote mbili za mpaka. Michoro ya mwambani haina mkalimani mwingine, na wazee hawatungoji.