Chuo, Mwanafunzi na Kamisheni: Istilahi za Mafunzo ya Uofisa Jeshini

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wetu ni zile zinazohusu kumwandaa kijana aliyesoma chuo kikuu awe ofisa wa jeshi. Tatizo halitokani na uhaba wa maneno. Linatokana na maneno ambayo tayari yana kazi nyingine katika sehemu nyingine ya nchi hii hii.

Mwandishi wa makala haya alilipata somo hilo Madungu, mjini Chake Chake, alipomwonyesha mwalimu mmoja mstaafu rasimu ya taarifa aliyoitafsiri mwenyewe. Taarifa ilimhusu mhitimu wa chuo kikuu aliyechaguliwa kwenda Monduli. Aya ya kwanza ilitaja jina kamili, yaani Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi. Katika aya ya pili, kwa kupunguza maneno, palibaki "wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo". Mzee yule alisoma mara mbili, kisha akauliza: "Mwanangu, kijana wa watu kakosa nini hata akafungwa?"

Hakuwa akifanya mzaha. Zanzibar, Chuo cha Mafunzo ni jina rasmi la idara inayosimamia magereza, nayo ni mojawapo ya Idara Maalumu za Serikali ya Mapinduzi, na mfungwa huitwa mwanafunzi. Basi neno moja lililoachwa, "kijeshi", lilitosha kumgeuza ofisa mtarajiwa kuwa mfungwa mbele ya jamaa na majirani zake. Hapana budi, kwa hiyo, tuyapime maneno haya moja moja.

1. Chuo

Katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa kitabu. Baadaye neno likahamia mahali kinaposomwa kitabu, hasa Kurani. Na hadi leo mtoto wa Pemba huenda skuli kwa masomo ya serikali, na chuoni kwa masomo ya dini. Mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika elimu ya dini. Bara, mwanachuo ni kijana yeyote anayesoma katika chuo. Ofisi inayoandikia nchi nzima itaepuka utata ikisema "mwanafunzi wa chuo kikuu" au "mhitimu wa chuo kikuu".

2. Ofisa mwanafunzi

Baadhi ya wafasiri humwita kila anayeanza mafunzo ya kijeshi kuruta. Si sahihi. Kuruta ni anayeingia jeshini kujifunza uaskari. Ofisa mwanafunzi ni anayeandaliwa kupewa kamisheni. Neno kadeti linafahamika pia, lakini ofisa mwanafunzi linajieleza lenyewe na limekwisha kukubalika jeshini. Mpangilio wake usigeuzwe: tukisema "mwanafunzi ofisa", msomaji aweza kudhani ni ofisa kamili aliyerudi darasani, kama wale wanaosoma katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti.

Kuhusu tahajia, afisa na ofisa yote yanatumika. Lililo muhimu ni waraka mmoja ushike tahajia moja. Aidha, mfasiri akumbuke kwamba Ofisa Mteule, japokuwa anaitwa ofisa, hana kamisheni.

3. Kamisheni

Neno hili lina mizigo mitatu. Kwa mfanyabiashara, ni malipo ya wakala au dalali. Kwa mtumishi wa serikali Zanzibar, ni chombo cha umma, kama Kamisheni ya Utalii au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Jeshini ni mamlaka anayopewa ofisa na Amiri Jeshi Mkuu. Maana hizi hutenganishwa na kitenzi: wakala hulipwa kamisheni, mkurugenzi huongoza Kamisheni, ofisa mwanafunzi hutunukiwa kamisheni. Kwa kawaida cheo cha kuanzia ni Luteni Usu. Neno usu huonyesha daraja lililo chini ya lile linalotajwa, kama ilivyo kwa Koplo na Koplo Usu.

Mfano unaojulikana ni wa Jakaya Kikwete, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akapata kamisheni Monduli mwaka 1976, akarudi hapo kama mkufunzi wa siasa katika miaka ya 1980, na kustaafu jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali, kabla ya kuwa Rais mwaka 2005.

4. Uongozi na ukamanda

Jeshi la Wananchi lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, baadhi ya maofisa wake wa mwanzo walikuwa wamefunzwa nje. Mrisho Sarakikya, mkuu wake wa kwanza, alisoma Sandhurst, Uingereza. Vyeo kama luteni, kapteni na meja vilitoka huko. Maneno ya mamlaka, hata hivyo, tulikuwa nayo zamani kutoka Kiarabu: amri na amiri ni wa shina moja, kama vile nidhamu na mnadhimu.

Hapa Kiingereza kina neno moja ambapo sisi tunahitaji matatu. Agizo ni amri. Mamlaka ya kuongoza kikosi ni ukamanda. Sehemu ya jeshi ni kamandi, kama Kamandi ya Jeshi la Wanamaji. Uongozi ni jambo pana zaidi, kwani kamanda hutiiwa kwa cheo chake, bali kiongozi hufuatwa hata na asiyelazimika. Ofisa mwanafunzi hufunzwa yote mawili, na tafsiri isiyachanganye.

Mapendekezo

(a) Jina "Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi" lisikatwe. Pakihitajika ufupisho, na itumike "chuo cha Monduli".

(b) Itumike "ofisa mwanafunzi", wingi "maofisa wanafunzi".

(c) Kamisheni ya jeshi iambatane na kitenzi "kutunukiwa".

(d) Amri, ukamanda, kamandi na uongozi visibadilishane nafasi.

(e) Kila taarifa inayokusudiwa kusomwa pande zote mbili za Muungano isomwe kwanza na mtu mmoja wa kila upande. Kazi hiyo huchukua nusu saa, na humwepusha mzazi asiyehusika na aibu isiyokuwa yake.